Marwa, Kilima Niachie

Siamini bado. Naandika "marehemu Marwa", nafuta. Naandika tena, nafuta.

Jumamosi tumemzika kwao Tarime. Presha, jamani! Mtu aliyekuwa juu ya baiskeli kila siku ya Mungu, presha imemchukua usingizini. Nina hasira mpaka sasa.

Kwa msiomjua, tulikuwa kambi moja ya watalii huku Natta, yeye laundry, mimi jikoni. Bei ya mafuta ilipopanda, mimi kazi yangu ilikuwa kulalamika. Yeye akauza pikipiki, akanunua baiskeli.

Akaniita mura, kama vijana wa Kikurya wanavyoitana. "Mura, petroli ipande meli huko Uarabuni, sisi tukae Natta tunaisubiri ndiyo twende kazini? Miguu si tunayo?"

Nilimcheka sana. Haukupita muda na mimi nikaiacha pikipiki nyumbani.

Shida yangu ilikuwa kilima cha kabla ya kambi. Marwa alikaa nyuma yangu, mkono mmoja kwenye usukani wake, kiganja kingine mgongoni kwangu, ananisukuma. "Kanyaga mura, shift haikusubiri!" Supervisor alikuwa anashangaa tunafika tunacheka.

Hili linalofuata sikutaka kuliandika.

Jumatatu nimerudi kazini peke yangu. Chini ya kilima anakaa bibi mmoja, macho yake hayaoni vizuri, tumezoea kumsalimia tukipita. Nikasema shikamoo bibi.

"Marahaba. Na mwenzako leo kanuna? Mbona hanisalimii?"

Haki ya Mungu, mwili ulinisisimka. Nikamwambia bibi, niko peke yangu.

Akatazama nyuma yangu. Halafu akasema taratibu, "Haya, nendeni."

Nendeni!

Kile kilima nilikipanda mpaka juu bila kushuka. Sijawahi, tangu nianze. Nilipovua shati jikoni lilikuwa limelowa jasho lote, isipokuwa sehemu moja mgongoni, ukubwa wa kiganja. Pale palikuwa pakavu na pa baridi.

Nimemsimulia mke wangu. Ameshajaza pikipiki full tank, anasema baiskeli basi, njia ile basi. Namwelewa, naogopa kumzidi. Ila nikikubali narudi kulekule kusubiri meli, na hiki ulichonifundisha, Marwa, nitakuwa nimekizika na wewe.

Sitaki. Kesho naenda na baiskeli. Na bibi nitasimama nimwambie ukweli kwamba hupo tena.

Lakini Marwa, nakuomba, kilima niachie. Nikishindwa nitashuka, nitaikokota mpaka juu, nitachelewa, supervisor atafoka. Sawa tu, nitazoea.

Toa mkono, mura. Mimi nitafika. Wewe lala sasa.