Daktari wa Nyasi Arudi Kidete

Barabara ya kutoka Kilosa kwenda Kidete ilikuwa ngeni kwangu. Kila nilipodhani tumeuacha mto Mkondoa, uliibuka tena ubavuni mwetu. Dokta Naisula Sapit aliendesha gari mwenyewe. Bryson, mpiga picha wake, alikaa nyuma ameipakata kamera kama kichanga.

"Dokta, wakitufukuza je?"

"Tutafukuzwa tukiwa tumeshafika," akajibu, akabadilisha gia.

Nilikutana naye jana yake Mikumi, alikokuwa akirekodi kipindi, watu wamemzunguka wakitaka kupiga naye picha. Nilipoomba kufuatana naye, alikubali kwa sharti moja: nisimwandike kama malaika.

Basi, si malaika. Ni binti wa mfugaji wa Magole, aliyechunga ndama kabla ya kujua kusoma, kisha akasoma hadi shahada ya uzamivu, na alichosomea ni nyasi. Alifundisha chuo kikuu miaka mingi. Siku moja kituo cha televisheni kilimwita aeleze kwa nini wakulima na wafugaji wanagombana. Alifika studio na tita la nyasi kavu, akamkabidhi mtangazaji. "Tafuna," alimwambia. "Ukishindwa kumeza, utajua kwa nini ng'ombe anaingia kwenye mahindi." Mtangazaji alitafuna, nchi ikacheka, na kabla mwaka haujaisha Naisula alikuwa na kipindi chake. Wenzake chuoni walimwita profesa wa televisheni. Aliaga, akaondoka.

Kosa lililomrudisha Kidete lilizaliwa hukohuko chuoni. Kutwa nzima wanafunzi walimwamkia, naye akaitikia huku macho yakiwa kwenye karatasi, mpaka mdomo ukazoea kuitikia wenyewe. Mwezi uliopita alikuja Kidete kurekodi habari ya njia ya kupitisha mifugo kwenda mtoni. Mzee Yeremia, mkulima ambaye mahindi yake yalikanyagwa na ng'ombe kiangazi kile, alimsogelea mbele ya kamera.

"Shikamoo, daktari."

Mzee alikuwa anamchokoza. Mtu wa rika la baba yako akikuamkia hivyo, unaruka, unakataa, unamwamkia wewe. Naisula, akipanga maswali yake, alisema, "Marahaba. Hujambo?"

Kituoni hakuna aliyeligundua. Kipindi kilipotangazwa, Kidete nzima iliona: binti wa wafugaji ameamkiwa na mzee wao, tena mwenye kidonda cha shamba, naye kapokea. Tangu siku hiyo hakuna mkulima aliyekubali kuongea naye. Mkutano wa kijiji wa kuamua juu ya njia hiyo ya mifugo ulikuwa unakaribia, na Naisula alitaka pande zote mbili zisikike kwanza. Wakubwa wa kituo walimshauri aombe radhi studioni, kisha arushe maneno ya wafugaji peke yao. Alikataa yote mawili.

"Nikiwaweka wafugaji peke yao, nitakuwa msemaji wa baba yangu," aliniambia. "Hiyo sikuisomea."

Tulimkuta Mzee Yeremia uani, akinoa jembe. Naisula alimwamuru Bryson aiache kamera garini. Akavua viatu, akainama.

"Shikamoo, baba."

Tupa ikaendelea kukwaruza.

"Shikamoo, baba."

Majirani walianza kusogea. Mama Danieli, mke wa mzee, alitoka jikoni. "Baba Danieli, mtoto wa watu atavunjika mgongo."

"Si daktari? Atajitibu."

"Mimi ni daktari wa nyasi, baba," Naisula alisema, bado kainama. "Mgongo siuwezi."

Mtu alicheka. Mzee aliweka tupa chini. "Mashine yenu iko wapi?"

"Nimeiacha garini, baba. Kwa heshima."

"Heshima gani? Umenivua nguo mbele ya nchi nzima, halafu unakuja kunivisha huku nyuma ya banda la kuku? Ilete!"

Bryson alikimbia. Niliona uso wa Naisula ukibadilika, hilo hakulitegemea. Kamera ilipowaka, aliinama upya, na safari hii alitaja jina lake, la baba yake, na kosa lake, bila kulizungushia maneno. Kisha akaamkia.

"Marahaba!" Mzee aliitikia kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Vigelegele vilipotulia, akamkazia macho. "Sasa niambie. Mahindi yangu yalikanyagwa na ng'ombe wa nani?"

"Wengi ni wa baba zangu wadogo. Wengine ni wa baba mwenyewe."

Bryson alinitazama.

"Umesema kweli," mzee alisema. "Basi nitaongea kwenye kipindi chako, na wenzangu wataongea. Lakini baba yako Sapit akae hapa, kiti hiki, kesho."

"Baba ameapa hakanyagi Kidete, tangu dume lake likatwe panga."

"Nalijua dume hilo. Na hilo tutaliongea. Akikataa?"

"Nitambeba."

"Ubavu huo unao?" Mama Danieli aliuliza, na ua ukalipuka kwa vicheko.

Mzee alininyooshea kidole. "Huyu mgeni wako abaki. Sapit asipokuja, atanilimia."

Naisula alinigeukia, hakuuliza kama nakubali. "Unajua kulima?"

"Hapana."

"Basi niombee," alisema, akavaa viatu.

Magole ni mbali, na jua lilikuwa limeshapita utosini. Bryson alirukia mlango gari likiwa linaondoka. Nilibaki nimesimama uani kati ya watu nisiowajua, nikilisikiliza likipanda mlima.

"Anaendesha mwenyewe?" Mzee Yeremia aliniuliza.

"Mwenyewe."

"Basi Sapit atakuja. Huyo hatamwacha alale." Akamgeukia mkewe. "Mama Danieli, tafuta kiti cha pili. Chenye miguu mizima."