Mnyororo wa Msimu wa Ndengu

Sukari ya baba ilipopanda, muuguzi wa zahanati alimwambia atembee kila asubuhi, nusu saa au zaidi. Baba alirudi nyumbani amekasirika. Kwetu, nje kidogo ya Kabati, mwanamume mzima haonekani njiani bila shughuli. Kila anayekutana naye humuuliza anaenda wapi, na lazima awe na jibu.

"Nitaambia watu naenda wapi?" aliniuliza. "Naenda tu kutembea? Watasema kichwa yangu imeharibika."

Jibu alilipata kwa mbwa wetu, dume jekundu lililokonda ambalo hakuna aliyelijali. Alimfunga kamba shingoni, akatoka naye jua likichomoza. Akiulizwa, alisema mbwa akikaa sana huwa mgonjwa. Watu walicheka, lakini walimcheka mbwa. Baada ya miezi michache suruali zilianza kumlegea baba, akawa anapanda kilima cha kanisani bila kusimama kupumua, na sukari ikashuka hadi muuguzi akampima mara ya pili kuhakikisha. Nilifurahi sana, na sikumwambia.

Kisha tukavuna ndengu. Zilikubali msimu huo, magunia yakajaa ghala, nami nikaanza kuogopa wezi. Jirani akanishauri, "Mbwa yenye inajuana na kila mtu haiwezi kukusaidia. Ifunge isione watu, utaona vile itakuwa kali."

Kwetu karibu wote huamini hivyo, na mimi msomi niliamini pia. Nikanunua mnyororo, nikamfunga mbwa mlangoni mwa ghala.

"Ni mpaka tuuze, baba," nilimwambia. "Wewe endelea tu kutembea."

Hakubishana. Asubuhi mbili alitoka peke yake. Ya tatu alirudi kabla ya kufika barabarani, akaketi uani. Nilimwona na nilijua sababu. Nikajiambia bei ikipanda kidogo tutauza, na bei ikakataa kupanda. Mbwa alinenepa, akawa mkali kweli, akamng'ata mama akimpelekea chakula. Miguu ya baba ilivimba hata viatu vikakataa kuingia, nami nikamnunulia malapa makubwa. Ujinga gani huo! Najichukia nikikumbuka nilivyoona nimemsaidia.

Asubuhi moja kikombe cha chai kilimponyoka, mdomo ukaenda upande. Tulimkimbiza hospitali. Siku ya nne, alipoanza kutamka maneno tena, daktari alisimama kando ya kitanda akipekua kitabu cha kliniki cha baba.

"Mzee, ulikuwa unaendelea vizuri kabisa," alisema. "Nani alikuachisha kutembea?"

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Baba alinitazama, kisha akamgeukia daktari, akayasukuma maneno moja moja.

"Hakuna mtu," alisema. "Ni kuchoka tu nilichoka."