Mkono wa Obwocha wa Gesima

Zachariah Obwocha, mwana wa Mogire, mwana wa Nyangate, Mkisii wa ukoo wa Kitutu, mzaliwa wa Gesima. Nyangate ndiye aliyefungua kichwa cha mtu aliyepigwa rungu katika vita vya ng'ombe, na mtu huyo akaishi hadi meno yakaisha kinywani. Mogire alifungua vichwa vya waliopigana kwa mipaka ya mashamba. Wazungu wa misheni walipomkataza, akahamia migombani na kazi ikaendelea. Obwocha alirithi visu vya babu na baba, akavichemsha na kuvipangusa kwa spiriti, maana alisoma hadi darasa la nne na hakuwa mjinga. Omobari, ndivyo Wakisii wanavyomwita fundi wa namna hii: mtu akipigwa kichwani na maumivu yakakataa kuondoka, omobari hupasua ngozi, akaukwangua mfupa mpaka ufa uishe, kisha akafunga. Watu walimfuata kutoka Keumbu na Ikonge kwa sababu ya mkono wake. Uliweza kukwangua asubuhi nzima bila kugusa utando wa ubongo.

Mkono huohuo, mwaka wa 1998, ulianza kucheza. Kidole gumba kilisugua cha shahada kutwa nzima, kama mtu anayeviringisha punje ya wimbi, hata kanisani siku ya Sabato. Akishika kitu ulitulia kidogo. Akikiweka, unaanza tena. Mkewe Nyakerario akawa anamjazia kikombe nusu. Kisha miguu nayo ikamgomea, akawa anasimama kizingitini kama ng'ombe aliyekataa josho.

Mdogo wake Osoro hakukawia kupata dawa. "Kichwa chako kimechoka na vichwa vya watu. Jumapili Nyamongo atakifungua."

Nyamongo alikuwa mwanafunzi wa Obwocha kwa miaka kumi na miwili. Obwocha hakukataa. Angekikataaje kisu alichowasifia watu maisha yake yote?

Ijumaa akaenda Kisii mjini kununua spiriti, ili angalau akatwe kwa kisu safi. Dinesh, Mhindi mwenye duka la dawa, alizoea kumtania.

"Daktari mwenzangu, leo mkono umenisalimia kabla ya mdomo."

Binti yake Sneha, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha ng'ambo, hakucheka. Alimwomba mzee atembee hadi mlangoni na kurudi. Akamwuliza kama alipigwa kichwani.

"Sijapigwa na mtu."

"Basi, mzee, kinachougua hakiko mfupani."

Akatoa mkobani picha ya utafiti wake wa chuoni: samaki wadogo, urefu wa kiungo cha kidole, wenye mistari kama punda milia. Watoto wao, akasema, ni wangavu kama maji. Unauona ubongo bila kukata. Mle ndani mna chembe hai chache zinazotengeneza dopamini, kitu kinachousaidia mwili kuanza kwenda na kwenda sawasawa.

"Kwa samaki ziko mbele kidogo kuliko kwetu, lakini kazi inafanana. Chuoni tunawasaka wanaozaliwa nazo pungufu, tujue huwa zinaumbwa vipi. Kwa mtu mwenye mkono kama wako, zinakufa polepole. Vidonge vya kutuliza vipo. Zilizokufa hazifufuki."

Obwocha akauliza swali la fundi. "Kutoka mfupani, ni kina gani?"

Sneha akaweka kidole juu ya sikio lake moja, na kingine juu ya la pili. "Katikati ya hapa na hapa. Chini kabisa."

Mwiko wa kwanza aliofundishwa Obwocha ni huu: ukiuona utando, simama. Hakuna kisu cha ukoo wake kilichowahi kufika huko chini. Ndipo alipomkumbuka mama wa jirani yao Persis, aliyeletwa kwake mwaka wa 1971 akitetemeka, bila kidonda, bila kupigwa. Alimkata. Siku ya tisa homa ikamchukua, na Obwocha akawaambia wafiwa kwamba wamemchelewesha.

Dinesh alimsogezea kiti. Hakukiona.

Jumapili majani ya migomba yalikuwa yametandikwa uani, maji yamechemka. Osoro akamshika bega amkalishe.

"Sikatwi," Obwocha akasema.

"Umeogopa? Si wewe uliyekuwa ukiwaambia watu ni kama kunyolewa?"

"Niliwaambia. Nikamwambia na mama wa Persis, nikamuua. Ugonjwa huu uko ambako hatufiki. Kisu chetu ni cha aliyepigwa."

Nyamongo alikuwa bado amechutama kando ya maji. "Mzee, hayo yakisikika, nani ataniita tena?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Kuna mama kule Ikonge anatetemeka hivyohivyo. Nimewaahidi wanawe kumkata kesho."

Nyakerario akaanza kuyakunja majani.

"Visu viache hapa," Obwocha akamwambia Nyamongo. "Nenda Ikonge leo, jua likiwa bado liko. Waambie wanawe wampeleke hospitali kubwa, na wewe hutamgusa. Wakikutukana, kaa utukanwe. Kwa Persis nitakwenda mwenyewe kumwambia ukweli, hata miguu ikikwama njiani. Ikonge ni yako."