Bomba la Jirani

Fundi wa kuchomelea ambaye banda lake limeegemea langu hapa Busia hana haraka, na hilo ndilo linaloniudhi. Akiletewa bomba la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, hulining'iniza kwa uzi, akaligonga kwa spana, kisha akalitegea sikio. Wakati huo mimi, fundi mwenzake, nimeshamaliza geti zima. Lakini Bwana Ojiambo wa Tororo, anayejiundia ndege nyuma ya nyumba yake, alipotafuta mabomba ya kutolea moshi wa injini, alinipita akaenda kwake.

Nikawapelekea bomba langu, nene, linalong'aa kama kioo. Jirani alilipasha moto likawa jekundu, akaliacha lipoe, akarudia hadi mara kumi. Akaligonga, mlio ulikuwa umekufa; lilikuwa limeingia ufa. “Hii yako ni nzuri, jirani, lakini ni ya watu kushikia wakipanda ngazi,” akasema, bila kunicheka. Afadhali angenicheka. Akachukua lake jembamba, lililofifia, akalipitisha kwenye moto uleule. Halikupasuka. Nikajipa moyo kwamba litapasuka likishafungwa kwenye injini, watu wote waone.

Siku ya kuliunga akaniita. “Nishikie hapa. Mkono yako haitetemeki kama yangu.” Nikashika, na kusema kweli nilifurahi. Bwana Ojiambo akainama karibu yetu, akapima kwa kiganja.

“Litapita hapa,” akasema, “mbele ya magoti yangu nikiwa angani.”

Mkono wangu ukaanza kutetemeka.