Makaa Niliyokamata Nyuma ya Kantini

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaiona kwa simu ya mtu. Mimi ni askari mpya wa ulinzi katika chuo kimoja hapa Ruiru, na wiki jana nilijua nimeshapata cheo.

Asubuhi ilikuwa baridi ya kuuma masikio. Nyuma ya kantini nikaona rundo kubwa limefunikwa nyasi na udongo, moshi unatoka juu. Moyo ukaruka! Kwetu Bungoma nimekua nikichoma makaa. Tanuri nalijua hata nikiwa usingizini. Na juzi tu miti ilikatwa karibu na maktaba. Kumbe inaishia huku!

Nikampigia mkubwa wangu. "Njoo mbio, nimewashika!" Nikapuliza filimbi mpaka wanafunzi wakatoka na simu zao. Mama Shiku, anayetunza bustani, akaja akikimbia na jembe.

"Woi! Wacha hiyo! Utaniharibia kazi ya mwezi mzima!"

"Mmesikia?" nikapaza sauti. "Amekiri mwenyewe!"

Nikamnyang'anya jembe, nikalipasua rundo, nikatia mkono kutoa ushahidi. Mkubwa akafika akihema.

"Makaa iko wapi?"

Nikafungua kiganja. Maganda ya ndizi, sukuma wiki, na kipande cha ugali wa juzi, bado moto.

"Hiyo ni mbolea, mkubwa," Mama Shiku akasema. "Mabaki ya kantini na nyasi. Yakioza yanapata joto, yanatoa mvuke."

Mkubwa akautazama ule ugali, kisha akanitazama mimi.

"Haya, afande. Mfunge pingu huyo ugali wako."