Mama Alionja Kwanza

Nyumbani kwetu Kibugu, kila chakula kizuri kilikuwa kimelala. Uji wa wimbi ulilala kwenye kibuyu mpaka ukachacha, maziwa yalilala mpaka yakaganda, na githeri ya mahindi na maharagwe ilinoga zaidi ikikaangwa siku ya pili. Nilikulia hapo nikiwa na afya tele. Kisha, nikiwa mtu mzima, mwalimu huko Nkubu, mwili wangu ukaanza kunigeuka.

Ngozi ilivimba mabaka mabaka, uso ukawaka, moyo ukaenda mbio nikiwa nimesimama tu mbele ya ubao. Tumbo nalo lilinitia aibu mbele ya wanafunzi. Niliambiwa ni vidonda vya tumbo, ni presha, ni mawazo, ni kukosa mume. Hilo la mwisho lilinichosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Daktari aliyenipa jibu hakuwa na haraka. Alinieleza kwamba mwilini kuna seli za kinga zinazoitwa mast, kazi yake ni kupiga kengele adui akiingia, na kwamba zangu zinapiga kengele hata kwa mgeni aliyebisha hodi kwa adabu.

“Dawa utameza,” alisema, “lakini dawa peke yake haitatosha, mwalimu. Kula chakula fresh, imepikwa saa hiyo. Kitu imelala, wacha. Kitu imechacha, wacha kabisa. Moshi, jua kali, kukosa usingizi, stress, zote punguza.”

Nilicheka kicheko kibaya. Alikuwa amenikataza kwetu, kitu kimoja baada ya kingine.

Nilimtii. Nikapika kidogo kidogo na kula papo hapo, nikalala mapema, nikatembea asubuhi kabla jua halijachoma. Nilijifunza kupumua polepole hasira ikipanda, na hilo ndilo lililonishinda zaidi, maana mimi ni mtu wa hasira. Hata hivyo nilipata nafuu. Shida ilikuwa mama. Kila nilipoenda nyumbani nikaugua, alinichemshia supu ya mifupa na mizizi usiku kucha ili nipate nguvu. Nilipoinywa niliugua zaidi, naye akaongeza mifupa. Basi nikaanza kukataa.

Kwetu, mtu akikataa chakula chako mara moja, ameshiba. Akikikataa kila mara, anaogopa umemtilia kitu. Hakuna anayelitamka jambo hilo, na hakuna asiyelielewa.

Likizo moja nililala kwa mama nikiwa dhaifu, na wanawake wa kanisa wakaja kuniona, vidole vyao vikiwa bado vyeusi kwa kuchuma majani chai. Mama akatoa kibuyu cha uji. Nikatikisa kichwa.

“Daktari alinikataza, mama.”

“Hata uji ya mama yako?” mmoja wao akauliza, akamtazama mwenzake.

Mama alimimina uji kwenye kikombe, akanywa yeye kwanza, akameza, akafuta ukingo kwa kiganja na kunipa.

“Umeona,” akasema. “Nimekunywa.”

Kwetu, kuonja kwanza ni kwa ajili ya mgeni, au mtu mliyekosana naye mkapatanishwa majuzi. Sijawahi kuona mzazi akimwonjea mtoto wa tumbo lake. Niliona aibu iliyojaa usoni mwake, na nikaona kwamba angebaki na wanawake hao kijijini baada ya mimi kurudi Nkubu. Nilijua uji ule ungenifanya nini. Nikaunywa wote.

Wakafurahi. Mmoja akaanzisha wimbo, na kabla haujaisha ulimi wangu ulikuwa umejaa mdomo na pumzi haipiti. Walinibeba mpaka barabarani. Hospitalini nilidungwa sindano pumzi ikarudi, lakini nilichokuja nacho kutoka safari ile ni sauti ya mwanamke mmoja, akisema polepole pale barabarani, mama akiwa kando yake: “Na ni uji ya mama yake tu alikunywa.”

Daktari wa hapo alimweleza mama kila kitu kitandani pangu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho na kumshukuru. Wanawake wale hawakuwepo kusikia, na hata wangekuwepo, seli ni nini kwao?

Sasa nikienda nyumbani nakuta mizizi ya nduma yenye udongo, mayai, mahindi mabichi, na sufuria mpya aliyoninunulia, vyote juu ya meza uani. Jiko la makaa liko nje, mbali na moshi wa kuni. Napika mwenyewe na kula kikiwa cha moto, kama nilivyoagizwa, na uso hauvimbi tena. Mama hagusi chochote. Huketi mbali na sufuria, karibu na njia, mikono juu ya mapaja, ambapo kila anayepita anaweza kuiona. Zamani, kabla hata sijafungua lango, alikuwa akiniuliza kama nimekula.