Namba Saba na Mkono Wangu

Nilipokuwa mtoto Garissa, enzi za serikali ya Mwingereza, kaka yangu Abdi ndiye aliyetegemewa katika mbio za wilaya. Kazi yake ilikuwa utarishi wa ofisini. Kukimbia hakukumpa chochote ila sifa ya nyumba yetu. Kila mwaka aliomba namba saba. Alisema Mungu ni mmoja na hupenda witri, namba zisizogawanyika kwa mbili, na kati ya witri zote, saba ndiyo iliyompenda yeye. Uwanjani aliingia kwa mguu wa kulia, na siku ya mbio hakuzungumza na mtu kabla hooyo, mama yetu, hajampa maziwa kidogo ya ngamia alfajiri.

Mimi nina mashoto tangu kuzaliwa. Hooyo alinichapa vidole kila nilipompa mgeni kitu kwa mkono ule, nikazoea kuuficha ndani ya shuka.

Mwaka mmoja hooyo aliamka na homa siku ya mbio, hata kuketi hakuweza. Abdi alikuwa ameshaondoka bila kunywa kitu, basi nikatumwa mimi. Nilibeba kibuyu cha maziwa hadi uwanjani, jua limekwisha kukaza, na kwa furaha ya kutumwa nikasahau: nikampa kwa kushoto. Alikuwa na kiu, akanywa mpaka tone la mwisho. Alipokirudisha kibuyu ndipo alipoona ni mkono gani ulionyooshwa kukipokea. Akaenda kujipanga mstarini.

Mwanzoni aliwaacha wenzake mbali. Kisha akashika tumbo, akapunguza mwendo, akakaa chini mbele ya watu waliotoka hata Bura kumtazama. Namba saba ilikuwa kifuani pake, kwa hiyo kosa likatafutwa kwingine.

"Ni huyu," aliwaambia wenzake, akininyooshea kidole. "Abaayo, dada yangu huyu, amenipa maziwa kwa kushoto."

Wote wakanigeukia. Baba alikuwa palepale, nami nilimtazama nikingoja aseme jambo, lolote lile. Alinishika bega akaniondoa. Njiani aliniambia taratibu, bila hasira, "Mbio nyingine, wewe utabaki nyumbani."

Nilibaki. Mwaka uliofuata nilijificha nyuma ya nyumba, mkono nimeukalia, nikimwomba Mungu. Abdi akashinda. Aliletwa kwa vigelegele, na hooyo akanisifu kwa utii wangu. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu wa kubisha, hata mimi mwenyewe. Kushindwa kwake kulinitia mashakani tu; ushindi wake ndio ulionihukumu.

Sasa nina wajukuu, na najua kwamba anayemaliza kibuyu kizima kisha akakimbia juani, tumbo litamkata hata akipewa na nani. Abdi alikufa bila kulirudia jambo lile. Nadhani alilisahau, na simlaumu sana. Alikuwa kijana aliyeanguka mbele ya watu. Lakini uso bado hunichoma nikikumbuka kidole kile. Kinachoniuma zaidi ni siku ya ushindi, kwa kuwa hakuna aliyefurahi kunizidi. Nilikuwa nyuma ya nyumba, peke yangu, nikimshukuru Mungu kwamba sikuwepo.